Kidonge Kwenye Ncha ya Kanga

Tangu siku Mwalimu Agnetha alipomwaga vidonge vyake mbele ya madhabahu, watu wa Chemchem, mtaa wa Tabora, walikuwa wakimsalimia kwa mikono miwili. Ilikuwa Agosti, jioni ya mwisho ya mkutano wa injili. Mzee Yoramu, kiongozi wa kikundi cha maombi, alikuwa amemwekea mikono kichwani siku tatu mfululizo, na Agnetha, ambaye hakuwa ameanguka kwa miezi saba, alisimama kwenye kipaza sauti akasema kifafa kimekwisha. Kisha akafungua mfuko, akavimwaga. Vidonge vikaviringika hadi miguuni mwa wapiga tarumbeta, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka mabati yakaitika.

Miezi ile saba ilikuwa kazi ya vidonge hivyo hivyo. Lakini jambo kama hilo nani alikumbuke katikati ya vigelegele?

Oktoba kifafa kikarudi. Alikuwa peke yake chumbani akishona sare za kwaya, maana hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Ualimu wake ulikuwa wa shule ya Jumapili tu, na shule ya Jumapili hailipi. Alizinduka chini ya cherehani, sketi imelowa, ulimi amejiuma pembeni. Alilia kidogo, akafua sketi, akamaliza mkono wa gauni uliokuwa umebaki. Kesho yake alijitanda mtandio hadi puani akaenda mtaa wa Kanyenye, kwenye duka la dawa la Urmi. Urmi alikuwa Mhindu, hasali nao, hana shoga katika umoja wa akina mama, na kwa hiyo hakuwa na wa kumpelekea umbea. Alitazama kadi ya zamani ya hospitali, akahesabu vidonge vyeupe, akavitia bahashani bila kuuliza kilichotokea kwa vile vya mwanzo.

Usimcheke Agnetha mapema. Miaka kumi iliyopita alikuwa na mume, dereva wa lori la tumbaku kule Urambo. Alipoanguka mara ya kwanza mbele yake, yule mwanaume alisimama mlangoni amejiziba mdomo kwa shati mpaka ilipokwisha, kwa sababu kwao wanaamini povu la kifafa likikugusa nawe umekipata. Jumamosi iliyofuata alimrudisha kwao Tabora na godoro lake juu ya lori. Sahani aliyokuwa akilia chakula hakumpa aondoke nayo, aliivunja. Mtu aliyeona sahani yake ikivunjwa hawezi kusahau upesi, na watu wanapoanza kumpa mikono miwili, huwa radhi kusema uongo mkubwa ili wasiirudishe mifukoni.

Tena alikuwa Mnyamwezi wa ukoo wa wapagazi. Babu wa babu yake alibeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani, na nyumbani kwao walilelewa na neno moja, kwamba sisi hatutui mzigo njiani. Mpagazi aliyeumwa alifunga kiuno akatembea, maana aliyelala kando ya njia aliachwa hapo. Agnetha alilipenda neno hilo. Mimi naona liliua watu wengi, lakini si mimi niliyelelewa nalo.

Sasa, siku ile ya Agosti, kwenye benchi la tatu aliketi Mama Kulwa, muuza dagaa wa soko la Ng'ambo, na bintiye wa miaka tisa. Kulwa alikuwa pacha. Mwenzake Doto alikufa angali mchanga. Kulwa naye alikuwa na kifafa, na alikuwa mwanafunzi wa Agnetha. Ndiye aliyeinua mkono siku walipofundishwa habari za Yakobo kushindana na malaika hadi alfajiri, akauliza: “Mwalimu, sasa huyo Yakobo alibarikiwa au aliumizwa? Si aliondoka anachechemea?” Agnetha akaanzisha wimbo.

Mama Kulwa alipofika nyumbani jioni ile, alichukua kopo la dawa za mtoto akalitupa chooni. Kama Bwana amemtendea mwalimu, kwa nini amnyime mwanafunzi? Ikapita miezi mingi salama, Mama Kulwa akimshukuru Mungu kila asubuhi. Wiki mbili kabla ya Pasaka, Kulwa alikuwa akipuliza moto wa mafiga, akaangukia humo. Alipotolewa, mkono wa kulia ulikuwa umeungua hadi kwenye kiwiko.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kinachotokea pale anayeficha ni mmoja na anayeungua ni mwingine.

Agnetha alizipata habari hizo Jumatano ya Wiki Kuu, na alizipata kutoka kwa Mama Kulwa mwenyewe, aliyefika kibarazani akiwa amemshika mtoto mkono wake ulio mzima. Ule mwingine ulikuwa umefungwa bendeji hadi vidoleni. Wanakwaya wawili walikuwa wameketi kwenye mkeka wakisubiri sare zao.

“Shikamoo, mwalimu,” alisema Kulwa.

“Marahaba, mwanangu. Nini hiki?”

Mama Kulwa alieleza yote pale pale, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia nyumbani. Kisha akasema shida yake. Hospitali walimrudishia mtoto dawa na kumgombeza mama, ila mtoto hamezi. Anakificha kidonge chini ya ulimi, kisha anakitema nyuma ya mtungi. Jana ameanguka tena, mara mbili.

“Anasema mwalimu alivimwaga. Nimemchapa, nimembembeleza, hataki. Mwambie wewe. Wewe atakusikia.”

Agnetha aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wa mtoto. “Kulwa, umeze dawa. Umesikia? Umeze.”

Kulwa alimtazama. “Na wewe unameza?”

Bahasha ya Urmi ilikuwa ndani ya droo ya cherehani, hatua tatu tu kutoka hapo. Wale wanakwaya mkekani waligeuka kumtazama.

“Mimi? Hapana. Mimi Bwana ameshaniponya.”

“Basi na mimi nitangoja,” alisema Kulwa, kwa adabu kabisa.

Petro alipomkana Bwana, jogoo aliwika. Majogoo wa Chemchem wana shughuli zao, hakuna aliyewika. Mama Kulwa alimshukuru mwalimu kwa kujaribu, akaondoka na mtoto wake, na Agnetha akarudi kwenye cherehani akashona mfuko wa sare upande usiofaa. Aliufumua. Akaushona tena upande ule ule.

Siku tatu zilizofuata hakula vizuri. Alijiambia atakwenda kwa Mama Kulwa Alhamisi, ikapita, akasema Ijumaa Kuu si siku ya kutembeleana, akasema Jumamosi. Alijua kabisa kwamba kila siku anayochelewa, mtoto anashinda karibu na moto bila dawa mwilini. Alilijua hilo, na bado miguu haikwenda. Aliomba. Alimkumbusha Mungu kwamba Paulo naye aliomba mara tatu mwiba uondolewe. Kisha akakumbuka jibu alilopewa Paulo, kwamba neema yamtosha na mwiba ubaki, akaacha kuomba.

Kwa Wamoravian, dhehebu la akina Agnetha, Pasaka haianzii kanisani, huanzia makaburini. Jumamosi watu hupalilia makaburi ya watu wao na kuyapaka chokaa. Kabla ya mapambazuko tarumbeta hupita mitaani kuamsha waumini, nao huenda kusimama katikati ya wafu wao, na jua linapochomoza husomwa majina ya wote waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Msomaji huchaguliwa na wazee. Mwaka huo wazee walimchagua Agnetha kwa sauti moja, kwa sababu ya ushuhuda wake, alisema Mzee Yoramu, ili hata wafu wasikie uponyaji.

Jumamosi mchana alipitia kwa Urmi.

“Pasaka yenu kesho,” alisema Urmi. “Najua. Tarumbeta zenu zinaniamsha kila mwaka, na mimi si mtu wenu.” Akamsukumia bahasha. “Meza leo, ulale mapema. Kukosa dawa na kukosa usingizi kwa pamoja, utaanguka. Hilo halihitaji mganga.”

“Nitalala.”

Hakulala. Akina mama walijilaza kwenye mikeka ndani ya ukumbi wa kanisa, ubavu kwa ubavu, wakiimba na kupiga soga wakingoja tarumbeta. Upande wake mmoja alikuwa mke wa Mzee Yoramu, upande wa pili mweka hazina wa umoja. Kidonge alikuwa amekifunga kwenye ncha ya kanga. Kila alipogusa lile fundo, mmoja wa wale wawili aligeuka na kumwuliza kama ana usingizi. Ilipolia tarumbeta ya kwanza, fundo lilikuwa halijafunguliwa.

Walitembea kwa barabara ya zamani ya misafara, ile iendayo Ujiji, yenye miembe iliyopandwa na watu ambao hata majina yao yamepotea. Masika yalikuwa yamelainisha udongo, viatu vikawa vizito. Makaburi mapya yaling'aa kwa chokaa. Mama Kulwa alisimama pembeni, kwenye kaburi dogo la Doto. Kulwa hakuja, alibaki kwa bibi yake, mbali na moto.

Mchungaji aliongoza sala, tarumbeta zikaitikia, na jua lilipotoa ukingo Agnetha alikabidhiwa karatasi. Majina kumi na tisa. Alisoma la kwanza, ukoo wa marehemu ukaitikia amina. Alisoma la pili, la tatu. Sauti yake ilikuwa nzuri, haikutetemeka. Alipomaliza la kumi na mbili akasikia harufu ya sukari inayoungua, na pale hapakuwa na jiko. Harufu hiyo, iliyotangulia kila anguko lake, aliijua kuliko jina lake. Alipata nafasi ya kufikiri jambo moja tu, kwamba asiangukie kaburi la mtu.

Yaliyofuata alisimuliwa baadaye na Bernardo, mpiga tarumbeta kubwa wa kanisa. Alisema watu walirudi nyuma hatua kumi, wote kwa pamoja, akina mama wakiwavuta watoto wao na kuwaziba pua. Alisema na yeye alirudi nyuma, hakuficha. Mwalimu alikuwa akijipigapiga matopeni peke yake katikati ya watu mia mbili waliokuwa wametoka kuimba habari za ufufuo, na mke wa Mzee Yoramu alikuwa akipangusa kwa majani mkono uliogusana naye mkekani.

Aliyejitokeza alikuwa Mama Kulwa. Alikatisha juu ya makaburi, jambo ambalo hakuna mtu anayelifanya, akapiga magoti, akamlaza Agnetha ubavu, akamwekea kichwa mapajani. Kisha akampangusa povu kwa mkono wake mtupu, taratibu, huku watu wakitazama ule mkono, halafu akashika ncha ya kanga ya Agnetha aufutie. Hapo ndipo vidole vyake vikakuta fundo.

Agnetha alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichokiona ni kiganja cha Mama Kulwa, na katikati ya kiganja kidonge cheupe. Alikitambua kabla hajatambua yuko wapi. Mama Kulwa alikuwa anamwangalia. Hakuonekana na hasira bado, alionekana kama mtu anayejumlisha.

“Dada yetu amezimia,” ilisema sauti ya Mzee Yoramu kwa juu. “Amefunga Kwaresima nzima, tena amekesha. Ni njaa tu, ndugu zangu. Mpeni maji.”

Watu walishusha pumzi. Waliutaka uongo huo, wakaupokea kwa furaha. Mtu mmoja hata alisema amina. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na Agnetha alihitaji tu kuitikia kwa kichwa apite.

Mama Kulwa alifumba kiganja. Alikaa na ngumi yake juu ya goti, akangoja.

Agnetha angependa isimuliwe kwamba alipata ujasiri. Hakupata. Gauni jeupe la Pasaka lilikuwa limelowa, na kila mtu ameona. Hakuwa na kitu kilichobaki cha kulinda, na ndipo mdomo ukafunguka.

“Sikufunga,” alisema. Ulimi ulikuwa umevimba, maneno yalitoka mapana. “Jana nimekula ugali na mlenda. Hiki ni kifafa.”

“Mwalimu, pumzika,” alisema Mzee Yoramu.

“Hakikuisha, mzee. Nilivimwaga vidonge mbele yenu, na tangu Oktoba nanunua vingine kwa kujificha. Mtoto wa huyu mama aliachishwa dawa kwa ajili ya maneno yangu. Ameungua. Jumatano aliniuliza kama nameza, nikamwambia hapana.”

Mzee Yoramu aliinama karibu, na sauti yake haikuwa mbaya, ilikuwa ya mtu anayeumia. “Usimwaibishe Bwana leo.”

“Anayeaibika ni mimi, mzee. Yeye simwoni akiaibika.”

Mama Kulwa alifumbua ngumi. Agnetha alichukua kidonge, akakimeza kwa maji yaliyoletwa kwa ajili ya njaa. Kisha akanyoosha mkono kuomba karatasi.

Mchungaji alisita. Nadhani alikuwa anatafuta sababu ya kukataa na hakuipata upesi, kwa hiyo akampa. Agnetha alisoma akiwa ameketi matopeni. Jina la kumi na tatu lilikuwa la mama mmoja wa Ipuli, aitwaye Nyamizi, na ulimi ule haukuliweza, lilitoka limevunjika. Akajaribu tena. Kutoka nyuma, mwanaume mzima alisema kwa sauti, “Nyamizi,” kwa sababu huyo alikuwa mama yake na hakutaka alale hapo bila jina. Jina la kumi na nne, ukoo ulitangulia kusaidia. La kumi na tano vivyo hivyo. Mpaka kufikia la kumi na tisa Agnetha alikuwa akigusa karatasi kwa kidole tu, na watu wenyewe wakiwaita wafu wao. Hawakuwahi kufanya hivyo Pasaka yoyote.

Usifikiri kwamba mambo yakawa matamu. Baada ya ibada wazee walikutana kwa robo saa wakamwambia apumzike kufundisha watoto, kwanza, mpaka hapo watakapoona. Mke wa Mzee Yoramu alipita bila kumtazama. Ni Bernardo peke yake aliyebaki, anakung'uta mate kwenye tarumbeta yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Agnetha alikuwa hajawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu.

“Hiyo dawa,” alisema Bernardo, akiwa bado amempa mgongo, “inauzwa duka gani?”

Agnetha alimwelekeza. Bernardo hakusema ni ya nani. Jumanne, Urmi alisema baadaye, walifika watu wanne wenye mitandio puani, naye akawafukuza wote waende kwanza hospitali wakapate kadi.

Lakini kabla ya Jumanne kulikuwa na Jumatatu. Agnetha alikwenda kwa Mama Kulwa asubuhi, miguu ile ile iliyokataa siku tatu sasa ikimpeleka bila kuulizwa. Mama Kulwa alikuwa uani anaanika dagaa. Alimwacha asimame kidogo.

“Sijakusamehe,” alisema. “Mkono wa kulia ule. Ndio wa kuandikia.”

“Najua.”

“Ingia. Yuko ndani.”

Kulwa alikuwa ameketi mkekani, mkono wenye bendeji juu ya mto. Alisikiliza kila kitu bila kukatiza, Agnetha akisema polepole kwa ulimi wake mbovu, kwamba alidanganya, kwamba anameza kila siku asubuhi na jioni, kwamba aliogopa. Alitoa bahasha yake, akaomba na dawa ya mtoto aliyopewa hospitali, kidonge cha mtoto akakiweka mbele yake na chake akakimeza.

“Fungua mdomo,” alisema Kulwa.

Agnetha alifungua.

“Inua ulimi.”

Aliinua. Mtoto alisogea karibu, akachungulia huku na huku, maana maficho yote alikuwa anayajua. Hakukuta kidonge. Alikuta pembeni ya ulimi alama za meno, nyeusi, zimevimba. Alizitazama kwa muda mrefu.

“Unauma?”

“Unauma sana.”

“Wangu ulikaa siku tano,” alisema Kulwa. “Usile chumvi.”

Kisha akachukua kidonge chake kwa mkono wa kushoto, ambao ulikuwa bado haujazoea kazi, akakidondosha, akakiokota, akakitia kinywani. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa dagaa. Kulwa alimeza, akafungua mdomo wake wote, akainua ulimi, akamgeukia mwalimu ili naye akague.